Mawe Hayapangwi Upya

Ignas alikipenda kitabu chake mpaka watu wa kambi wakaanza kumwonea huruma. Kilikuwa kinene, jalada la kijivu, kurasa zaidi ya mia sita, kimeandikwa kwa Kiingereza na bwana mmoja wa huko mbali. Kilifundisha lugha za kuwekea maandishi alama, ili kompyuta yoyote, popote ilipo, ielewe kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni tarehe, hili ni jina la mtu. Alikileta kutoka Dar es Salaam mwaka 1997, amekiviringisha kwenye taulo, na tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa pale Bugarama bila kunawa mikono kwanza. Katika kambi ya watafuta dhahabu, ambako vumbi linaingia hata kwenye chai, hilo lilikuwa sharti la kukomoa watu.

Melania Masele alinawa hadi viwikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa binti mmoja, Nyamizi, aliyekuwa akisoma mjini Shinyanga na kulelewa na mama yake mdogo. Kabla ya kuingizwa ofisini alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye banda la mawe. Ignas, msimamizi wa kumbukumbu, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, alimchukua kwa sababu moja tu: mwandiko wake. Aliamini mtu mwenye mwandiko safi hawezi kuharibu mambo kwenye kompyuta. Hoja yenyewe ilikuwa ya ajabu, lakini ilimpa Melania mkataba wa mwaka mzima badala ya ule wa bandani wa miezi mitatu mitatu, na ada ya shule ya Nyamizi ilitoka humo. Hakuwa na sababu ya kubishana nayo.

Lazima nieleze kidogo habari za banda, maana bila hilo hakuna kisa. Mashine za kuchoronga huingia ardhini na kutoa mwamba wa chini katika vipande vya mviringo, unene wa mpini wa jembe. Kila mkupuo wa mashine ni mita tatu. Vipande hupangwa kwenye masanduku marefu ya mbao, kwa mfuatano uleule uliokuwa chini, na mwisho wa kila mkupuo huwekwa kibao chenye namba ya kina. Sasa, sanduku moja lilibeba mita nne. Mkupuo wa kwanza uliishia katikati ya sanduku, wa pili ukaanzia humo na kumalizikia kwenye sanduku linalofuata, na mambo yakaendelea hivyo mpaka chini kabisa. Bandani hilo halikumsumbua mtu. Sanduku likijaa unaweka kijiti chekundu kuonyesha kwamba hapa sanduku limebadilika, unavuta jingine, unaendelea. Mzee Maganga, mkuu wa banda, alimfundisha Melania sheria moja tu siku ya kwanza: kibao hukaa pale mashine iliposimama, na kikishakaa hakisogezwi.

Kompyuta nayo ilikuwa na sheria yake. Kila kitu kilipewa alama ya kukifungua na alama ya kukifunga, na kilichofunguliwa ndani ya kingine kilitakiwa kifungwe humohumo ndani. Melania akafungua sanduku, akafungua mkupuo, na kabla mkupuo haujaisha sanduku likajaa. Akafunga sanduku. Kompyuta ikakataa. Akajaribu kuanza na mkupuo, ndani yake akaweka sanduku, ikakataa vilevile. Kwa wiki mbili nzima kompyuta ilikataa kila tundu lililochorongwa tangu mradi uanze, matundu mia tatu na kumi na mawili, na makao makuu ya kampuni yakawa yanapiga simu kila Ijumaa kuuliza kumbukumbu ziko wapi.

Ignas akanawa mikono, akafungua kitabu ukurasa wa 231. Palikuwa na mistari miwili tu: hali ya vitu kupishana namna hiyo ni nadra, na ikitokea, panga upya vitu vyako. Ignas akafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Akamwagiza Melania asogeze mwisho wa kila mkupuo, kwenye kompyuta tu, uangukie mwisho wa sanduku. Mita moja huku, nusu mita kule. Mawe yenyewe yangebaki bandani kama yalivyo, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Melania akakataa.

Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Akaeleza kwamba mshipa wa dhahabu wa pale, ule uliomo kwenye jiwe jeupe, mara nyingine hauzidi upana wa shubiri, na ukiusogeza mita moja umeuweka kwenye jiwe ambalo halina kitu. Akapendekeza kijiti chekundu: kompyuta nayo ipewe alama ndogo ya kusema sanduku limebadilika, bila kufungua wala kufunga chochote. Ignas akamuuliza alama hiyo iko ukurasa wa ngapi. Melania akasema haimo kitabuni. Basi, akasema Ignas, kama haimo haipo.

Kulikuwa na jambo ambalo Melania hakumwambia. Baba yake, Masele, alikuwa mchimba almasi wa Maganzo, na miaka mingi nyuma mtu mmoja alisogeza kigingi chake cha mpaka hatua mbili tu. Mzee wa watu akachimba viangazi viwili mfululizo mahali pasipo pake huku mwenzake akiokota upande wa pili. Melania alikuwa msichana mdogo wakati ule. Alikumbuka baba yake alivyorudi nyumbani siku alipogundua, akakaa kwenye kigoda na viatu vyake vya matope mpaka chakula kikapoa. Hatua mbili zilitosha kumla mtu miaka miwili, na yeye leo aambiwe mita moja si kitu.

Mwisho wa mwezi akarudishwa bandani, kwa mkataba wa miezi mitatu. Ignas alisogeza mikupuo yote mwenyewe, na kompyuta ikakubali kila kitu bila kulalamika. Barua ya pongezi ikaja kutoka makao makuu. Akaibandika ukutani juu ya meza ambayo Melania alikuwa akikalia.

Lakini kabla hajaondoka ofisini, Melania alikuwa amefanya kitu. Nyuma kabisa ya kile kitabu palikuwa na ukurasa ambao Ignas hakuwahi kuusoma, kwa sababu watu wanaoabudu vitabu huwa hawafiki mwisho. Mwandishi aliomba kwamba msomaji atakayeona kosa au upungufu amwandikie, na akaweka anwani. Melania, aliyejua kusoma Kiingereza kuliko kukiandika, aliinakili anwani ile nyuma ya fomu ya sampuli.

Alipopata mapumziko alikwenda Shinyanga, na siku ya pili akaingia dukani kwa Mzee Nadeem, kule Kambarage. Mzee huyo aliuza madaftari, kalamu na vitabu vya shule, na nusu ya mtaa walipokelea barua zao kwenye sanduku lake la posta. Binti yake, Nazia, alikuwa amemaliza kidato cha sita na ndiye aliyewaandikia watu barua za Kiingereza. Melania alimwambia anataka kumwandikia mwandishi wa kitabu, kumweleza kwamba amekosea. Nazia akavuta karatasi na kumwambia aseme kama vile anamweleza yeye.

"Ndugu mwandishi, shikamoo," alianza Melania. "Ukurasa wa 231 unasema nipange upya vitu vyangu. Vitu vyangu ni mawe. Mawe hayapangwi upya, yalishapangwa kabla yetu. Sisi bandani, sanduku likijaa katikati ya mkupuo, tunaweka kijiti chekundu na kuendelea. Kijiti hicho hakifungui kitu wala hakifungi kitu. Kinakaa tu mahali pake na kusema ukweli. Naomba kompyuta nayo iruhusiwe."

Nazia aligeuza yote kwa Kiingereza isipokuwa neno moja. Shikamoo aliiacha kama ilivyo, akaandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba hii ni salamu ya heshima na anayeamkiwa hujibu marahaba. Melania akachora sanduku, vibao na kijiti, akaandika namba za kina kama zilivyokuwa kwenye tundu la arobaini na mbili. Wakaandika jina lake, banda la mawe la Bugarama na sanduku la posta la duka, wakatia stempu. Hiyo ilikuwa Mei 1998.

Majibu hayakuja. Kila alipokuja mjini alipita dukani, na kila mara Mzee Nadeem alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Ilipofika Desemba Melania akaacha kuuliza, akawa anapita tu kuamkia na kununua daftari asilolihitaji. Alijisikia mjinga. Mtu ana wasomaji dunia nzima, aje ahangaike na mwanamke wa bandani na kijiti chake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, mambo yakafumuka. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika makao makuu, na kila sampuli ilibeba namba ya kina iliyotoka bandani. Walipoyaweka juu ya kumbukumbu za kompyuta, dhahabu ikaangukia kwenye jiwe la kijivu lisilo na kitu, na jiwe jeupe likatoka tupu. Tundu baada ya tundu ikawa vilevile. Dakta Klara, mkuu wa wanajiolojia, akapanda gari mwenyewe kuja Bugarama. Alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye buti zilizochakaa kuliko za wachorongaji, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Aliwakusanya bandani, mbele ya masanduku. Alisema kuna mtu amesogeza kina cha mawe, na hajui kama ni kwa uzembe au kwa wizi, lakini hatoki hapo bila kumjua. Ignas hakusita. Alisema kosa ni la banda: kumbukumbu zake zilikubaliwa zote na kompyuta, na barua ya pongezi iko ukutani. Barua mbili za kuachishwa kazi alikuwa ameshaziandaa kwenye faili lake, moja ya Mzee Maganga na moja ya Melania. Mzee Maganga, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alishika ukingo wa sanduku kwa mikono miwili.

"Vibao havijasogezwa," alisema Melania. "Kilichosogezwa ni kilichoandikwa kwenye kompyuta."

Dakta Klara akamgeukia Ignas. Ignas akakiri kwamba alipanga upya mikupuo, ndiyo, lakini kwa kanuni, na kanuni imo kitabuni. Tena kwa bahati nzuri toleo la pili, lililosahihishwa na kuongezwa, limefika leoleo. Dakta mwenyewe alimletea kutoka Dar alivyoagiza. Akakimbia ofisini, akarudi nacho kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Jalada safari hii lilikuwa la buluu. Alikifungua mbele yao wote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukishika kitabu bila kunawa.

"Soma kwa Kiswahili," alisema Dakta Klara. "Mzee naye anashitakiwa hapa."

Ignas akatafuta kwenye faharasa, akafika kwenye ukurasa, akafurahi kuona kwamba mistari miwili ya zamani imekuwa sura nzima. Akakohoa kidogo.

"'Katika toleo la kwanza niliwashauri wasomaji wapange upya vitu vyao,'" alisoma, na akainua kidole kumwonyesha Dakta kwamba ndiyo hiyo aliyoisema. "'Ushauri huo ulikuwa mbaya.'"

Kidole kilibaki juu.

"Endelea," alisema Dakta Klara.

Akaendelea, maana angefanyaje. Kitabu kilisema kwamba ushauri ule ungeweza kumfanya mtu abadilishe ukweli ili kuifurahisha kompyuta. Kilisema aliyemsahihisha mwandishi ni msomaji anayefanya kazi kwenye banda la mawe, Bugarama, Tanzania. Hapo Ignas akageuza ukurasa mbele, akaurudisha nyuma, kana kwamba jina lingeweza kubadilika akiligeuzageuza.

"Kuna jina?" aliuliza Dakta Klara.

"Lipo."

"Lisome."

"Melania Masele," alisoma Ignas, kwa sauti ya mtoto anayesoma matokeo yake mwenyewe.

Mzee Maganga aliachia sanduku. Aliuliza kwa Kisukuma kama amesikia sawasawa, na vijana wa banda wakamjibu wote kwa pamoja kwamba ndiyo. Dakta Klara akakichukua kitabu mikononi mwa Ignas, akasoma kilichobaki mwenyewe, polepole, akikigeuza kwa Kiswahili anavyokwenda. Kilieleza alama ndogo isiyofungua wala kufunga kitu, namna ya kuitumia, na makosa ya kuepuka. Kilikuwa na mchoro wa sanduku, vibao viwili na kijiti, na chini ya mchoro namba za kina za tundu la arobaini na mbili. Mwisho wa sura palikuwa na mstari peke yake: alinisalimu kwa heshima kabla hajanisahihisha, nami nilichelewa kumjibu. Marahaba, Melania.

Melania alicheka. Hakujua kama anacheka au analia, na hakujali. Akaegemea nguzo ya banda. Mwaka mzima alikuwa amejiona mjinga, kumbe mtu wa ng'ambo alikuwa ameketi na barua yake akiandika sura.

Dakta Klara hakuishia kitabuni. Aliomba litolewe sanduku la ishirini na mbili la tundu lile. Vijana wakalibeba, Melania akachota maji na kuyamwaga juu ya mawe, kama alivyokuwa akifanya kila siku ili rangi zionekane. Jiwe jeupe likang'aa kati ya kibao cha themanini na saba na mita themanini na saba na nusu. Dakta akatoa karatasi ya maabara, akaweka kidole kwenye namba, kisha kwenye kibao. Zililingana. Kompyuta iliuweka mshipa huohuo mita moja chini yake.

Akazichukua zile barua mbili kwenye faili la Ignas, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akamuuliza Melania atahitaji muda gani kurudisha kila kitu mahali pake. Melania akasema wiki saba, kama atakuwa na mtu wa kumsomea namba. Dakta Klara akasema mtu huyo yupo, na akamtazama Ignas.

"Wabeja, ng'wana Masele," alisema Mzee Maganga, akimshukuru kwa jina la baba yake. Kisha akainama juu ya mchoro, akautazama kwa makini na kutangaza kwamba kile kibao cha kushoto ni chake, alikikata mwenyewe kwa mninga, anakijua kwa ile kona iliyovunjika. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba mchoro hauonyeshi mbao ni za mti gani.

Kazi ilichukua wiki sita, si saba. Ignas alisoma namba, Melania akaandika, na kila palipokuwa na kijiti chekundu bandani aliweka ile alama ndogo kwenye kompyuta. Siku ya kwanza Ignas hakusema zaidi ya namba. Siku ya nne aliuliza swali. Wiki ya tatu alileta chai, vikombe viwili, akakiweka kimoja karibu kabisa na kitabu cha buluu, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kuomba radhi. Tundu la mia tatu na kumi na mbili lilipoingia, kompyuta ikaandika kwamba hakuna kosa. Dhahabu ya maabara ikakaa juu ya jiwe jeupe, tundu baada ya tundu. Mkataba wa Melania ulipokuja ulikuwa wa miaka miwili, na juu yake waliandika msimamizi wa kumbukumbu za miamba.

Alipokwenda mjini alikuta nakala yake mwenyewe imefika, imetumwa na mwandishi kwenye sanduku la posta la Mzee Nadeem. Nazia alikuwa ameiweka kwenye kioo cha duka, imefunguliwa ukurasa wenyewe, kati ya madaftari na bikari, na alikuwa ameshawasimulia watu wa Kambarage kwa wiki nzima hata wasiojua kompyuta ni kitu gani. Ilibidi Melania aombe kitabu chake kama mtu anayeazima.

Hakulala mjini. Alimchukua Nyamizi, wakapanda gari la Maganzo, wakamkuta Masele nje ya nyumba akinoa sururu ambayo hakuwa tena na nguvu ya kuitumia. Baada ya kumwamkia, Melania alifungua kitabu, akaeleza yote tangu mwanzo: masanduku, kompyuta, mita moja, barua. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Hakujua Kiingereza, na macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo aliomba aonyeshwe jina liko wapi. Nyamizi akamshika mkono na kumwekea kidole gumba juu yake.

Akakandamiza kidole kwenye karatasi.

"Vitabu hivi viko vingapi?" aliuliza.

"Maelfu, baba. Viko dunia nzima."

"Na vyote vina jina hapahapa?"

"Hapahapa."

Masele akaitikia kwa kichwa taratibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Basi hicho kigingi," alisema, "hakuna wa kukisogeza."

Akamwambia Nyamizi aite majirani, na akamwagiza Melania asome tena tangu mwanzo, kwa sauti, asiruke kitu.